Paa la Mjane na Miaka Yangu Juu ya Mabati

Aliyenistaafisha ni goti la kulia. Hakuna barua, hakuna sherehe, hakuna mtu aliyenipa saa ya ukutani. Vijana wa karakana yetu hapa Ruring'u wananiita Cucu, yaani nyanya, na wamenisumbua tangu nilipoacha kazi. "Cucu, andika. Ukienda na hiyo maneno, sisi tutauliza nani?" Basi naandika. Shule nilifika darasa la tatu tu, kisha hali ya hatari ya wakoloni ikaja, shule ikafungwa na sisi tukafungiwa kijijini ndani ya handaki na waya. Kwa hivyo msitafute hapa maneno ya kupamba. Kupigilia bati mnajua, nimewafundisha wengine wenu kwa mkono wangu. Ninachotaka mjue ni jinsi nilivyofika kule juu, kwa maana siku zangu ngazi haikuwa ya kila mtu.

Niliingia kwenye ujenzi miaka michache baada ya uhuru, nikiwa mke wa watu na mama wa mtoto mmoja, Muthoni. Sikuingia kama fundi. Niliingia kama maji. Mwashi akiita "Maji!" mimi ndiye niliyekuja. Tulikuwa wanawake kadhaa, tukipanda na kushuka kutoka mtoni hadi mahali mwalimu mmoja alipokuwa anajengewa nyumba, upande wa Tetu. Miteremko ya kule mnaijua. Debe likiwa mgongoni na kamba imekukata paji la uso, huoni mbingu. Unaona miguu yako, na ya mwenzako aliye mbele, na ukibahatika unaona kwamba yeye amechoka kukushinda.

Jioni tuliruhusiwa kuokota vipande vya mbao vya kupikia. Fundi mkuu pale alikuwa mzee Gachoki, mtu mwembamba, mkavu kama ubao uliokaa juani, aliyejifunza useremala kwa mafundi wa Kihindi mjini Nyeri tangu ujana wake. Siku moja akasimama akiniangalia nikichagua.

"Wewe, nyina wa Muthoni. Hiyo kipande unaacha kwa nini?"

"Imepinda."

"Na moto inajua imepinda?"

"Moto haijui. Lakini siwezi kutengeneza kiti nayo."

"Ati kiti? Nani amekwambia utengeneze kiti?"

"Sijaambiwa na mtu. Iko nyumbani. Njoo ukalie."

Alikuja kweli, Jumapili baada ya kanisa, na kofia yake mkononi. Akakikalia kile kiti, akakitikisa, akakigeuza miguu juu, akacheka sana kuona nimefunga viungo kwa kamba ya katani badala ya kuvichonga. Jumatatu akaniambia debe nimwachie mwingine, akanitia msumeno mkononi.

Gachoki hakuwa mtu wa kusifu. Ukikata mbao, alipitisha kidole gumba mahali ulipokata, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kama ni mbaya alisema, "Hii ni kuni," akaitupa kwenye lundo la kuni, na wewe ukaenda kukata nyingine huku wengine wakikuangalia. Kama ni nzuri hakusema kitu. Miezi ya kwanza nilipikia nyumba yangu mbao nilizoziharibu mwenyewe. Halafu siku zikaanza kupita bila neno, nikajua ninaendelea vizuri. Ninyi wa siku hizi mkikaa asubuhi moja bila kusifiwa mnanuna. Haya.

Alinifundisha kusoma mbao kabla ya kupima: upande upi moyo wa mti ulikuwa, na itapinda kwenda wapi ikikauka. Alinifundisha kunoa msumeno kwa tupa bila kupiga kelele za kutia meno ganzi. Na alinifundisha jambo moja ambalo sijaliona kwenye shule yoyote ya ufundi. Kabla ya kuezeka nyumba, alisema, usimuulize baba wa nyumba mvua inatoka wapi. Baba atakuonyesha mlima kwa fimbo, kwa sababu mlima ni mkubwa na unapendeza kuonyeshwa. Muulize mama. Yeye ndiye anajua ni upande gani mvua huingia ikazima moto jikoni. Upande huo ndio bati linaugeuzia kisogo, na unaanza kulaza kutoka upande wa pili, ili kila bati limfunike mwenzake dhidi ya upepo. Ukikosea hapo, upepo unaingiza vidole chini ya bati, na usiku mmoja unaokota paa lako kwa shamba la jirani.

Kwa hivyo mzee huyu aliwaamini wanawake kwa mambo ya mvua. Lakini kupanda, hapana.

Nilikata mbao zote za paa nikiwa chini. Nilizichonga, nikaziunganisha nyasini, nikaziwekea alama, kisha wanaume wakazipandisha na kuzisimamisha, mimi nikibaki nimeangalia juu na shingo inauma. Kwetu ilikuwa mugiro, yaani mwiko, mwanamke kukanyaga juu ya nyumba. Tangu zamani za nyumba za nyasi, wanawake walikata nyasi na kuzibeba, wanaume wakawa juu wakiezeka, na pande mbili zikaimbiana nyimbo za matusi ya kirafiki kutwa nzima. Nilimuuliza Gachoki mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja, na sikumchukia kwa sababu hakunidanganya.

"Nyina wa Muthoni, mkono wako ni mzuri. Lakini wakisikia Gachoki amepandisha mwanamke juu ya nyumba ya mtu, sitaitwa kujenga hata choo. Mimi nitakula wapi?"

Mjini ilikuwa vivyo hivyo. Gachoki alinituma dukani kwa Mhindi mmoja aliyeuza vifaa vya ujenzi, mtu mpole mwenye miwani. Kila mara alipima misumari yangu kwenye mizani, akaifunga kwa gazeti, na kila mara akauliza, "Mama, fundi yako amesema misumari ya bati ama ya mbao?" Mimi nikijibu, "Fundi ni mimi." Yeye akicheka, "Sawa mama, sawa, lakini fundi amesema namna gani?" Tulikwenda hivyo mpaka siku aliponiletea misumari ya bati isiyo na vifuniko vyake vya lami, nikaimwaga tena kwenye mizani, nikamwambia, "Fundi anasema mvua itaingia kwa hizi tundu." Tangu siku hiyo aliuliza tu kama nataka mingi au michache.

Sasa nifike kwenye nyumba ya mjane, kwa maana bila nyumba hiyo mngekuwa mnasoma kumbukumbu za mchota maji.

Miaka hiyo wanawake wa ridge zetu, hii miinuko mirefu iliyo kati ya mto na mto, walikuwa wameingia kwenye vikundi vya mabati. Tulilima mashamba ya watu pamoja, tukauza mboga na nyuzi za vikapu, tukaweka akiba, na zamu yako ikifika kikundi kinakununulia mabati unang'oa nyasi zilizooza juu ya kichwa chako. Mabati yalikuwa yetu. Jasho lilikuwa letu. Lakini kuyapandisha tulingoja fundi mwanaume aje akiwa na nafasi. Nilikuwa mwanachama, na jambo hilo lilinikaa kooni.

Zamu ikamfikia Wanjiku, mjane mwenye watoto wadogo. Gachoki tulimwita, tukakubaliana, akasimamisha nguzo na mbao zote za paa, mbao nilizokata mimi. Nyumba ya zamani ikabomolewa ili udongo wake utumike kwenye kuta. Mabati yakafika yakalazwa uani. Ndipo Gachoki akavunjika mguu. Wengine wenu mmesikia kwamba alianguka kwenye paa. Hakuanguka. Alipigwa teke na ng'ombe wa mkewe alipokuwa akimkamua, na katika maisha yake yote ya kupanda ngazi hilo ndilo lililomlaza. Msaidizi wake alikuwa amekwenda Nanyuki kwa kazi nyingine. Mafundi wengine niliowaendea walisema baada ya mvua. Baada ya mvua! Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Nyandarua kama kuku juu ya mayai, na kuta za Wanjiku zilikuwa za udongo mbichi. Mvua kubwa ikizipiga zikiwa wazi, zitarudi kuwa matope, na kikundi hakingekuwa na uwezo wa kumjengea mara ya pili. Zamu yake ilikuwa hiyo tu. Watoto walilala jikoni kwa jirani.

Nikamwendea Gachoki alipolala, mguu umefungwa mbao pande mbili.

"Mzee, nataka kuezeka kwa Wanjiku."

Akafumba macho. "Usiniulize."

"Sijauliza. Nimekwambia."

"Hapo sawa. Kwa sababu ukiniuliza nitasema hapana. Kwa hivyo usiniulize." Akageukia ukuta. Nilipofika mlangoni akasema, bado akiangalia ukuta, "Misumari piga kwa mgongo wa bati. Kwa mfereji hapana."

"Najua, mzee."

"Najua unajua. Mimi naongea na ukuta."

Nyumbani nilimkuta mume wangu akitoa matope kwenye viatu. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa cha ushirika, mtu wa maneno machache.

"Baba Muthoni, nikipanda paa ya Wanjiku kesho, wewe utasema nini?"

"Nitasema usianguke."

"Ni hayo tu?"

"Na ukianguka, usiangukie mahindi yake. Ndiyo kwanza inatoa maua."

"Basi nipe suruali yako."

Akainua kichwa. "Ile ya kanisa?"

"Ya kahawa."

Akanipa. Baadaye kiwandani walimcheka, wakamuuliza kwake nani huvaa suruali. Aliwajibu, "Mimi niko na mbili. Wewe uko na ngapi?" Niliolewa na mtu mzuri, na nalisema hapa kwa kuwa hakupenda kusifiwa akiwa hai.

Asubuhi nikavaa suruali ya kahawa chini ya rinda, nikafunga rinda kiunoni, nikaingiza miguu kwenye gambuti za mume wangu, vile viatu vya mpira vya matope. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekuja kunipandishia mabati. Watu wengine walikuja kuona tu, kama wanavyokwenda kuona lori lililoanguka. Nilikuwa nimekanyaga vidato vichache vya ngazi niliposikia sauti.

"Shuka hapo."

Alikuwa mzee Kibuchi, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Wanjiku, na wazee wawili nyuma yake. Kibuchi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mzee, mvua haingoji," nikamwambia.

"Hata nyumba ya ndugu yangu haitangoja ilaaniwe. Tangu lini mwanamke akapanda juu ya nyumba? Kazi yenu ni kuleta nyasi."

"Hapa hakuna nyasi, ni mabati," mwanamke mmoja akasema, na wengine wakaangua kicheko.

"Nyamazeni! Huyu akipanda, mimi nitang'oa hiyo kitu bati moja moja."

Wanjiku akaja mbele, mtoto mkononi. "Baba, watoto wangu wanalala kwa jikoni ya watu. Nyumba ni yangu."

"Nyumba iko kwa shamba ya baba yangu. Wewe umeletwa hapa."

Machozi yakamjaa Wanjiku. Mimi nikamwambia kutoka kwenye ngazi, ili wote wasikie, "Wanjiku, nyumba ni yako. Wewe ukisema nishuke, nashuka." Nilisema hivyo kwa kuwa ndiyo haki, si kwa kuwa nilitaka kushuka. Nilijua nikishuka siku ile, mbele ya watu wote wale, sitapanda tena. Nitakata mbao nyasini mpaka nizeeke, na kila msichana wa ridge ile atakayetaka nyundo ataambiwa, mwangalie nyina wa Muthoni, alijaribu, akashushwa.

Ndipo mama yake Kibuchi akatoka upande wa ghala. Bibi huyu alikuwa amekunjika hata fimbo yake ilikuwa ndefu kumshinda. Wote tulimwita Cucu.

"Kibuchi."

"Ndiyo, maitu."

"Ulipotoka kizuizini ulipata nyumba?"

"Nilipata."

"Iko na paa?"

Kibuchi akakohoa.

"Nimeuliza. Iko na paa, ama ulilala ukiangalia nyota?"

"Ilikuwa na paa, maitu."

"Nani aliezeka? Baba yako alikuwa amekufa. Ndugu yako alikuwa msituni. Hawa wawili umekuja nao," akawanyooshea fimbo wale wazee, "mmoja mlikuwa naye kizuizini, na mwingine sisemi alikuwa wapi. Wanaume hawakuwa. Nani alipanda?"

"Maitu, hiyo ilikuwa vita."

"Na mugiro ilienda vitani pia?"

Cucu akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya maharagwe. "Nilipanda mimi. Na mama ya huyu alipanda, na mama ya huyu. Askari alikuwa chini na bunduki, ati tumalize kijiji nzima. Tukamaliza. Halafu mkarudi mmekonda, mkaingia ndani, mkalala. Hakuna aliyeuliza, na sisi tukaona mko na aibu ya kutosha, tukanyamaza. Tumenyamaza miaka hiyo yote. Lakini kama kunyamaza kwetu kutafanya wajukuu wangu walale kwa matope, basi sasa nimesema."

Akachukua kigoda kilichokuwa uani, akaingia nacho ndani ya nyumba ile isiyo na kitu juu isipokuwa mbao, akakaa katikati ya sakafu, chini yangu kabisa.

"Kama kuna laana, itaanza na mimi," akaita kutoka ndani. "Mimi nimezaa nikamaliza. Panda, mtoto wangu. Na usiniangushie nyundo."

Kibuchi hakusema ndiyo. Alikwenda akasimama kwenye ua wa mimea, akatugeuzia mgongo, na hakuondoka mpaka jioni. Mimi nikapanda.

Nilidhani nitaogopa. Jambo la kwanza nililoliona kule juu ni mbao zangu. Miaka yote nilikuwa nimezikata bila kuziona kutoka upande ule, na sasa zilikuwa zimepangana chini ya magoti yangu, zimekaa sawa, hakuna hata moja ya kumtupia Gachoki kwenye kuni. Nikakaa pale kidogo. Wanawake wakaita, "Haiya, wewe, umelala?" Wakapandisha bati la kwanza.

Wanjiku alikuwa ameshaniambia mvua ya kwake inatoka upande wa mtoni, siyo upande wa mlima. Nikaanza ng'ambo ya pili, chini, nikavuta kamba ya ukingo ili mstari usitembee, nikalaza moja, nikalaza la pili juu yake mawimbi mawili, nikapigilia kwenye mgongo wa wimbi. Mkono ulijua kazi. Watu walioamka mapema kuja kuona mwanamke akianguka walichoka, wakaenda kupalilia. Cucu hakutoka ndani. Kila bati lilipowekwa giza liliongezeka pale alipokaa, na mara kwa mara nilimsikia akisema peke yake, "Hapo. Hapo. Ongeza." Bati la mwisho lilipomfunika, wanawake waliokuwa uani walipiga vigelegele, ule mlio wetu wa kupokea mtoto mchanga.

Mvua ilikuja kabla ya wiki kwisha. Wanjiku aliniambia Kibuchi aliingia bila kubisha, akazunguka ndani ameinua kiganja, akikipitisha chini ya kila kiungo. Kiganja kikabaki kikavu. Akasema, "Hii ni manyunyu. Mvua yenyewe bado." Mvua yenyewe ikaja, ile ya kuzuia watu kusikizana ndani ya nyumba ya mabati. Akaja tena, akazunguka tena, akakaa, akaomba chai.

Gachoki alipoweza kutembea kwa magongo aliletwa kuona. Alizunguka nyumba yote. Akaniambia nimshikie gongo moja, akanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mabati kutoka pembe hadi pembe. Kisha akachukua gongo lake, akaenda zake. Hakusema kitu. Nililala vizuri siku hiyo.

Baada ya hapo kikundi kikasema nyumba zote zilizobaki ni zangu. Kisha kikundi cha ridge ya pili kikaita, kisha cha tatu. Msidhani maneno yaliisha. Wanawake wa kanisa waliniita kunihoji juu ya suruali. Niliwauliza kama wanapenda nipande bila suruali nao wawe chini wameshika ngazi. Kikao kilifungwa kwa sala fupi sana.

Nimefanya kazi Karatina, Othaya, Kangema kwenye milima ya chai ambako ngazi haipati mahali tambarare pa kukanyaga, na ukungu unafanya bati kuteleza kama samaki mpaka saa nne. Kule usipande na haraka. Chimba shimo kwa mguu wa ngazi wa upande wa juu, na ulingoje jua, hata kama mwenye nyumba anapiga kelele. Kerugoya niliitwa kwa nyumba iliyokuwa imeezekwa mara mbili na mafundi wazuri, na bado inavuja. Mwenye nyumba, mtu wa ofisini, alinionyesha mlima. Nikaomba kumsalimia mama. Mama yule alinipeleka jikoni, akanionyesha ukuta uliooza, na akasema mvua ya kwao hupanda kutoka tambarare za mpunga jioni, inakuja na upepo wa chini. Niliuliza kama aliwaambia wale mafundi. "Hawakuniuliza," akasema. Nikageuza paa lote. Hakuna ujuzi mkubwa hapo. Ni masikio tu.

Watu huniuliza kwa nini binti yangu hakufuata nyundo. Muthoni alipomaliza shule kila mtu alimwangalia kama mrithi, hata mimi. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mami, mimi nikipanda hata meza kichwa inazunguka. Mimi nataka ng'ombe."

Watu wakasema, ah, mama amefungua mlango na mtoto amekataa kuingia. Nikawajibu kwamba mlango uliofunguliwa unaruhusu pia mtu kukaa nje kwa kupenda kwake. Muthoni nilimwambia, "Basi ng'ombe wawe safi. Nisisikie ati maziwa yako yamerudishwa na ushirika." Hayajarudishwa. Na kijana wangu Ndirangu anafuma sweta za shule kwa mashine, Karatina, katikati ya safu ya wanawake. Walipomcheka alikuja kwangu. Nilimuuliza kama mikono miwili ya sweta yake inatoshana. Akasema inatoshana. "Basi wacheke mpaka wapate baridi, watakuja kununua." Niliyoivaa nikiandika hapa ni yake. Kuna watu wanaodhani nilipanda paa ili wanawake wote wapande. Nilipanda kwa sababu nilitaka mimi. Anayetaka jiko, akae jikoni, mradi amelichagua na halijachaguliwa kwa ajili yake. Ila akipika, apike vizuri.

Wasichana niliowafundisha hawakuwa wengi. Wengine waliolewa wakaacha, wengine walikwenda kazi za ofisi, na mmoja alikuwa mvivu, nikamfukuza kama vile ningemfukuza mvulana. Wairimu ndiye aliyebaki. Mnamjua, ndiye anawapigia kelele siku hizi. Nilipoacha kupanda nilimwachia kazi zangu, na mwezi uliopita nilikwenda naye Kangema, nikae chini niangalie tu.

Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa chai, kijana bado, mtu wa haraka, hajawahi kuniona wala kusikia habari zangu. Wairimu alikuwa juu, suruali yake mwenyewe, hajafunga rinda lolote. Yule kijana akatoka kwenye gari, akainua uso, akaweka mikono kiunoni. Uso ule naujua. Nimeuona kwenye nyumba nyingi. Nikangoja lile neno la Kibuchi, "Shuka hapo."

"Wewe fundi!" akapiga kelele. "Hiyo msumari karibu na mguu yako imepinda! Mimi sitaki nyumba ya kuvuja!"

Nikangoja zaidi. Hakuongeza kitu. Alikuwa anaangalia msumari.

Wairimu akageuka, akanitazama, akitaka nimtetee. Nikainuka, nikaweka mkono juu ya macho nione vizuri. Msumari ulikuwa umepinda kweli.

"Umesikia mwenye nyumba," nikamwambia. "Ng'oa."